Viza ipo kwenye pasipoti ya zamani: kubeba pasipoti mbili, kuhamisha taarifa, au kuomba viza upya?

Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki za Afrika Mashariki mwaka 2017, na Tanzania ikazindua zake Januari 2018. Pasipoti hizo hudumu miaka 10, na kwa hiyo kundi la kwanza la wenye nazo linaingia katika kipindi cha kuzibadilisha. Wengi wao wana viza ya kuingia mara nyingi, au kibali cha ukaazi, chenye muda mrefu kuliko pasipoti yenyewe. Wapo pia waliojaza kurasa kabla ya muda kwisha, hasa wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou, na wanawake waliobadilisha majina baada ya kuolewa. Wote hao hujikuta na pasipoti mpya isiyo na kitu, pasipoti ya zamani iliyobatilishwa lakini ina viza hai ndani yake, na tiketi ambayo pengine imekwisha kulipiwa.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kusafiri na pasipoti zote mbili, ya zamani ikionyesha viza na mpya ikionyesha utambulisho. Ya pili ni kuhamisha au kusasisha taarifa ili ruhusa iliyopo ifungamane na namba ya pasipoti mpya. Ya tatu ni kuachana na viza ya zamani na kuomba nyingine. Hakuna iliyo bora kila mahali, kwa kuwa jibu linategemea ruhusa yako imehifadhiwa wapi: kwenye stika iliyobandikwa ukurasani, kwenye kadi, au kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya nchi unayokwenda. Mtu akishalijua hilo, nusu ya uamuzi imekwisha kufanyika.

Marekani: pasipoti mbili zinatosha, kwa masharti

Kwa mwenye viza ya Marekani iliyo hai, njia ya kwanza ndiyo ya kawaida na inakubalika rasmi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaeleza wazi kwamba kwisha kwa pasipoti hakuuwi viza iliyobandikwa ndani yake. Msafiri anatakiwa kubeba pasipoti zote mbili, viza isiwe imeharibika, na iwe ya aina inayolingana na madhumuni makuu ya safari. Ofisa wa mpakani akimruhusu kuingia, anaweza kugonga mhuri kwenye pasipoti mpya na kuandika VIOPP, herufi zinazoonyesha kwamba viza imo katika pasipoti nyingine.

Sharti linalowaponyoka watu wengi ni kwamba pasipoti zote mbili ziwe za nchi moja na za aina moja. Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili, jambo linaloruhusiwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, hawezi kuonyesha viza iliyo katika pasipoti ya Kenya na kutaka kuingia kwa pasipoti ya nchi yake ya pili. Vivyo hivyo, mtumishi wa umma wa Tanzania aliyepewa viza katika pasipoti ya utumishi, kisha akastaafu na kuchukua pasipoti ya kawaida, asitegemee viza ile ya zamani, hata kama tarehe yake bado iko mbali.

Kosa kubwa zaidi ni kubandua stika kutoka pasipoti ya zamani na kuibandika kwenye mpya. Wapo wanaolifanya kwa nia njema kabisa, wakidhani wanamrahisishia ofisa kazi. Stika ikishabanduliwa viza hiyo imekufa, na hakuna maelezo yatakayoifufua uwanjani.

Hatari nyingine iko nyumbani, kwenye ofisi ya pasipoti. Pasipoti ya zamani hubatilishwa kwa kukatwa kona, kutobolewa au kupigwa mhuri, na kwa kawaida hilo haliidhuru viza, lakini tundu likipita katikati ya stika au mhuri ukafunika maandishi yake, msafiri atakuwa amepoteza kitu alichokuwa nacho. Ndiyo maana mwombaji anapaswa kusema mapema, kabla hajakabidhi pasipoti, kwamba ndani kuna viza hai, aonyeshe ukurasa wenyewe, na aombe arudishiwe pasipoti hiyo bila ukurasa huo kuguswa. Kulisema baadaye hakusaidii.

Faida ya kubadilisha pasipoti mapema kwa mwenye viza ya Marekani haizungumzwi sana. Ofisa wa mpakani ndiye anayepanga siku za kukaa, na siku hizo huandikwa kwenye rekodi ya kuingia inayoitwa I-94. Ikiwa pasipoti imebakiwa na miezi michache, ofisa anaweza kukatisha muda wa kukaa ufuate tarehe ya kwisha kwa pasipoti. Mtu aliyetarajia miezi 6 akajikuta na 3 huenda asitambue, kwa sababu akilini mwake anaangalia tarehe ya viza. Kwa hiyo, kati ya kusafiri na pasipoti moja inayokaribia kwisha na kusafiri na mbili, moja ikiwa mpya kabisa, ninaona ya pili ni salama zaidi ingawa inaonekana kuwa na usumbufu. Wanafunzi wenye viza ya F-1 hufuata utaratibu huohuo, wakiongeza fomu ya I-20 iliyosainiwa na chuo kwa ajili ya safari ndani ya miezi 12 iliyopita.

Ni lini basi kuomba upya kunakuwa na maana kwa Marekani? Pale jina linapokuwa limebadilika kisheria, kwa ndoa, talaka au amri ya mahakama, Wizara yenyewe inashauri kuomba viza mpya ili kurahisisha safari. Pale stika ilipochanika au kulowa, hakuna njia nyingine. Na pale muda wa viza uliobaki ni mfupi kuliko safari unazozipanga, kuendelea kubeba pasipoti mbili ni kuahirisha tu ombi lisiloepukika. Ombi lenyewe si la bure: ada ya viza ya matembezi ilipanda kutoka dola 160 hadi 185 mwezi Juni 2023, hairudishwi, na juu yake kuna foleni ya kupata siku ya mahojiano ubalozini. Kwa mtu mwenye miaka miwili au mitatu iliyobaki kwenye viza nzima yenye jina lilelile, kulipa fedha hizo na kujiweka mbele ya dirisha la mahojiano bila sababu ni uamuzi nisioweza kuutetea.

Uingereza: namba ya pasipoti ndiyo ufunguo

Hapa mambo yamegeuka kabisa katika miaka michache, na ushauri wa ndugu aliyesafiri mwaka 2021 unaweza kukuacha uwanja wa ndege. Kadi za ukaazi za Uingereza, zile za BRP, nyingi ziliandikwa tarehe ya mwisho 31 Desemba 2024, kwa kuwa serikali ilikuwa inahamia kwenye viza ya kielektroniki. Mwenye ruhusa ya kuishi, kusoma au kufanya kazi huko sasa ana akaunti ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, na ruhusa yake inafungamana na hati ya kusafiria iliyosajiliwa katika akaunti hiyo. Tangu tarehe 15 Julai 2025, wanafunzi na wafanyakazi wengi wanaoomba kama waombaji wakuu hawabandikiwi tena stika yoyote katika pasipoti.

Maana yake kwa aliyebadilisha pasipoti ni kwamba kubeba pasipoti mbili peke yake hakumsaidii. Shirika la ndege huuliza mfumo wa Uingereza kwa kutumia namba ya pasipoti anayosafiria. Kama akaunti bado ina namba ya zamani, mfumo unaweza kukosa kuiona ruhusa ambayo kisheria ipo na haina dosari. Karani wa kaunta hana mamlaka ya kubishana na mfumo, tena ana sababu ya kuogopa: sheria ya Uingereza inaruhusu shirika kutozwa pauni 2,000 kwa kila abiria anayefikishwa bila hati zinazotakiwa. Kwa upande wa Umoja wa Ulaya, maagizo ya mwaka 2001 yalizitaka nchi wanachama ziweke adhabu za maelfu ya yuro kwa kosa la namna hiyo. Ukimwona karani anapiga simu mara mbili na kugeuzageuza pasipoti zako, fedha hizo ndizo zinazomsumbua.

Kusasisha namba kwenye akaunti ya UKVI ni bure, lakini si jambo la kufanywa kwenye foleni ya kukabidhi mizigo, kwa kuwa mabadiliko huhitaji muda kuthibitishwa. Yafanywe mara tu pasipoti mpya inapopatikana, kabla hata ya kununua tiketi ikiwezekana, na baada ya hapo mtu aingie kwenye akaunti yake ajionee kwamba namba inayoonekana ni ile mpya.

Kundi la pili ni wale wenye stika hai ya viza ya matembezi iliyotolewa kwa utaratibu wa awali. Hao wanaweza kuonyesha pasipoti ya zamani pamoja na mpya, kama ilivyo kwa Marekani. Kundi la tatu, ambalo lina wazee wengi kutoka Zanzibar, Mombasa na Kampala waliohamia zamani, ni wenye mhuri au stika ya ukaazi wa kudumu katika pasipoti iliyokwisha muda miaka mingi iliyopita. Haki yao haijafutika. Hata hivyo, kila safari huwa mtihani wa iwapo karani wa Nairobi au Dar es Salaam ataelewa mhuri wa wino wa miaka ya tisini, na ninadhani kwao njia ya pili ndiyo ya kuchagua: kuomba hadhi hiyo iwekwe kwenye kumbukumbu za kielektroniki, kwa ombi linalojulikana kama No Time Limit. Ni kazi ya kukusanya nyaraka, na watoto waliosoma wawasaidie wazazi wao kabla ya msiba wa ghafla kuwalazimisha kusafiri.

Nchi za Schengen: stika hufuata njia moja, kadi nyingine

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ikiwa hai katika pasipoti iliyobadilishwa kabla ya muda wake hutumika pamoja na pasipoti mpya, mradi viza yenyewe haikufutwa wakati pasipoti ilipobatilishwa. Pasipoti mpya ndiyo inayojibu masharti mengine mawili ya mpakani, yaani iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na angalau miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka. Kwa hiyo kwa viza ya matembezi chaguo ni lilelile la pasipoti mbili, na kuomba upya kwa ada ya yuro 90, iliyowekwa Juni 2024, hakuna haja.

Yapo mambo mawili yanayopaswa kuingia katika hesabu ya msafiri wa Schengen. La kwanza ni kwamba viza za mwaka 1, miaka 2 au miaka 5, wanazopewa walioonyesha kuzitumia viza zilizotangulia kwa uaminifu, haziwezi kupita muda wa pasipoti. Mtu anayestahili viza ya miaka 5 akaomba na pasipoti yenye miaka miwili amejipunja mwenyewe. Kwake mpangilio sahihi ni kubadilisha pasipoti kwanza, kisha kuomba viza, na kuambatisha pasipoti ya zamani kama ushahidi wa safari zilizopita. La pili linawahusu wanaodhani kwamba pasipoti mpya isiyo na mihuri inawarudishia upya siku 90 wanazoruhusiwa kukaa ndani ya kila siku 180. Mfumo mpya wa kusajili kuingia na kutoka, ulioanza 12 Oktoba 2025, unahesabu siku kwa kumbukumbu zinazofungamana na sura na alama za vidole, na kubadilisha kitabu hakumbadilishi mtu.

Wenye viza ya kitaifa ya muda mrefu, ile ya daraja D, na wenye kadi za ukaazi hawamo katika usajili huo wa siku. Wao hutazama sheria ya nchi iliyowapa ruhusa. Mwanafunzi aliyeko Ujerumani, kwa mfano, hupaswa kwenda na pasipoti mpya kwenye ofisi ya wageni ya mji wake ili apewe kadi inayolingana nayo. Anayelazimika kusafiri kabla kadi mpya haijatoka hana budi kubeba kadi ya zamani na pasipoti zote mbili, na ni busara kubeba pia uthibitisho kwamba ombi la kadi limekwisha pokelewa. Ofisi za wageni za miji mikubwa ya Ujerumani zinajulikana kwa kuchelewesha miadi, kwa hiyo mtu asipange harusi ya dada yake Arusha kwa kutegemea kadi ambayo bado iko kwenye foleni.

Wakongomani wanaopitia Ulaya kwenda Amerika wana suala lao mahususi. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo katika orodha ya wanaohitaji viza ya kupita hata kama hawatoki eneo la kimataifa la uwanja wa ndege wa Schengen, isipokuwa kama wana viza hai ya nchi kadhaa, Marekani na Kanada zikiwemo. Msamaha huo umo katika pasipoti ya zamani ikiwa viza yenyewe imo humo, na anayetoka Lubumbashi au Goma kupitia Brussels aiweke pasipoti hiyo mkononi, asiitie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Ghuba: bila kuhamisha taarifa, hakuna safari

Kwa wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba, swali la kubeba pasipoti mbili au la halina uzito mkubwa. Umoja wa Falme za Kiarabu uliacha kubandika stika za ukaazi mwaka 2022, na kitambulisho cha Emirates ndicho kinachoonyesha ukaazi. Saudi Arabia nako ukaazi umo katika ikama, yaani kadi ya ukaazi, na katika mfumo wa uhamiaji. Nchi zote mbili zinataka taarifa za pasipoti mpya ziingizwe kwenye faili la mkaazi, na Saudi Arabia jambo hilo hupitia kwa mwajiri katika mfumo wa Absher au Muqeem chini ya jina la kuhamisha taarifa, naql malumat.

Ugumu uko hapo hasa. Njia ya kusasisha ni nyepesi kwa mhandisi mwenye ofisi ya rasilimali watu, lakini kwa mfanyakazi wa nyumbani inategemea kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, kukubali kuingia kwenye simu yake na kufanya hatua chache. Ushauri wangu kwa aliye katika hali hiyo ni kubadilisha pasipoti akiwa bado huko, kupitia ubalozi wa nchi yake, na kuhakikisha taarifa zimehamishwa kabla ya kupanda ndege ya likizo. Anayekuja kuibadilishia nyumbani ana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, ukaazi wa Falme za Kiarabu kwa kawaida hupotea mtu akikaa nje zaidi ya miezi 6, na kuchelewa kwa pasipoti kunakula siku hizo. Pili, atahitaji mtu huko wa kusasisha faili lake, la sivyo atafika kaunta na pasipoti ambayo mfumo wa Ghuba haujawahi kuiona. Abebe pasipoti ya zamani na kitambulisho chake, lakini asivihesabu kuwa mbadala wa kusasisha.

Hati ya dharura ya kusafiria, ambayo balozi hutoa kwa aliyepoteza pasipoti, imekusudiwa kumfikisha mtu nyumbani. Haimrudishi kazini. Wapo waliorudi nayo wakiamini watapanda ndege tena baada ya wiki mbili.

Kanada

Kanada inachukua maneno machache kwa sababu tatizo halitokei mara nyingi. Viza ya matembezi ya kuingia mara nyingi hutolewa kwa muda usiozidi miaka 10, lakini kwa kawaida hukoma mwezi mmoja kabla ya pasipoti kwisha, na hivyo viza na pasipoti huondoka pamoja. Linalobaki ni la waliobadilisha mapema kwa kujaza kurasa, nao wanaweza kusafiri na pasipoti zote mbili. Kibali cha masomo au cha kazi ni karatasi ya peke yake. Mara nyingi hufupishwa ili kisipite muda wa pasipoti, na pasipoti mpya humpa mwenye kibali sababu ya kuomba nyongeza ya muda.

Kaunta ya shirika la ndege

Popote uendapo, anayekuamulia kwanza ni karani wa shirika la ndege. Karani husoma Timatic, hazina ya kanuni za kusafiri inayotumiwa na mashirika duniani. Jaza namba ya pasipoti mpya kwenye tiketi na kwenye taarifa za abiria, na namba ya viza kama ilivyo kwenye stika ya zamani. Kabidhi pasipoti zote mbili kwa pamoja, ya zamani ikiwa imefunuliwa kwenye ukurasa wa viza, na ueleze kabla hujaulizwa. Ikiwa pasipoti mpya imeongeza jina la tatu au imeacha jina la ubini, beba cheti cha ndoa au hati ya kiapo, ingawa kwa viza nyingi tofauti kubwa ya majina inatosha kuhamia njia ya tatu na kuomba upya.

Njia hiyo ya tatu haina mbadala kwa aliyeibiwa au kupoteza pasipoti yenye viza. Viza ya Marekani iliyoripotiwa kupotea haitumiki tena hata pasipoti ikionekana baadaye chini ya kiti cha gari, kwa hiyo tafuta vizuri kabla ya kuripoti, lakini usikawie ikiwa imeibiwa kweli.

Kwa anayeanza maombi ya pasipoti sasa, Kenya hutoa vitabu vya kurasa 34, 50 na 66, na msafiri wa mara kwa mara achague kitabu chenye kurasa nyingi tangu mwanzo, kwa kuwa kurasa zikiisha kabla ya miaka ndipo viza hai hubaki katika kitabu kilichobatilishwa. Pasipoti ya zamani isitupwe viza inapokwisha. Anayeomba ukaazi wa kudumu Uingereza kupitia njia nyingi za kazi huulizwa kama alikaa nje zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote, na mihuri ya kitabu cha zamani ndiyo itakayomkumbusha tarehe za safari alizokwisha kuzisahau.